Ramani ilisema tayari, kisu kikasema bado: kisa cha kupukutisha majani ya pamba kwa kufuata data

Nianzie hapa

Hiki ni kisa cha shamba moja kubwa la pamba nililokuwa nalishauri kwa mbali, yaani sio kwamba nipo pale kila siku, mara nyingi natumiwa picha, ramani na namba kwenye simu, nami nasema fanyeni hivi au subirini. Jina la shamba na mahali lilipo nimeviondoa, ukubwa wa vipande nimeuzungusha kidogo, na watu nitawaita kwa kazi zao tu: Meneja, Msimamizi na Rubani (wa droni). Mimi ndo Mshauri, na sehemu ya kosa ni yangu, tukifika hapo nitasema.

Shamba lilivyokuwa

Hekta 140 hivi, pamba ya kuvunwa na mashine, bloku tatu. Bloku A hekta 60, udongo mzito, ina umwagiliaji. Bloku B hekta 50, ya kawaida, haina makuu. Bloku C hekta 30, iko bondeni, na mambo yote yako hapo. C ilipandwa wiki moja na wenzake ila mvua kubwa ikapiga siku chache baada ya kupanda, udongo ukafanya gamba gumu juu, mbegu nyingi zikashindwa kutoka, wakaja kupandia mapengo wiki tatu baadaye. Kwa hiyo ukitembea mstari mmoja unakutana na mmea mkubwa, mkubwa mwingine, afu kadogo, afu mkubwa tena. Ukiwa barabarani huoni hilo. Ukiwa angani ndo kabisa.

Mashine ya kuvunia ilikuwa moja na ya kukodi, mwenye mashine kashataja tarehe yake. Kukiwa kukavu inavuna kama hekta 10 hadi 12 kwa siku. Hiyo namba iwekeni akilini.

Kwa ambaye hajawahi kupukutisha majani nieleze kidogo. Mashine haichagui, inavuta pamba pamoja na jani. Jani bichi linaacha doa la kijani kwenye nyuzi na linaongeza unyevu, jani kavu linasagika na kuwa vitakataka ambavyo kiwanda cha kuchambua kinahangaika kuvitoa. Ndo maana unapiga dawa ili mmea uangushe majani wenyewe, na hilo neno "wenyewe" lina uzito. Dawa inayofanya kazi vizuri haiui jani, inaufanya mmea uone kama jani limeshazeeka, basi pale kikonyo kinaposhikana na shina panajitengeneza tabaka la kukatikia na jani linadondoka likiwa bado na ubichi. Jani likiungua haraka kabla tabaka halijajitengeneza linakaukia palepale juu ya mmea, linaning'inia. Tutalirudia hili.

Na wakati nao una pande mbili. Ukiwahi, vitumba (yale matunda yenye pamba ndani) ambavyo havijakomaa unavikatia chakula, nyuzi zinatoka laini kupita kiasi, nyembamba, hazijajaa, uzito unapotea. Ukichelewa, pamba iliyokwisha funguka inakaa juani na mvuani inapoteza weupe, wadudu wanaotoa utomvu wanainatisha, na kukiwa na unyevu mmea unaanza kuchipua upya. Katikati ya hizo pande mbili kuna siku chache tu.

Vifaa

Kulikuwa na apu ya joto limbikizi. Inachukua joto la juu na la chini la kila siku, inatafuta wastani, inapunguza nyuzijoto 15.6 za Selsiasi, kinachobaki inakijumlisha. Unaianzisha siku ambayo mmea umefika mwisho wa kutoa maua yenye maana, ambayo kipimo chake ni kuhesabu vifundo (pale tawi linapotokea kwenye shina) kutoka ua jeupe la juu kabisa hadi kileleni, vikipungua hadi vitano umefika. Kuanzia hapo ukikusanya vipimo 850 kwa Farenhaiti unakuwa karibu na siku ya kupukutisha. Kwa Selsiasi hiyo ni kama 472. Nalitaja hili kwa sababu mwanzo wa msimu niliikuta apu yao imewekwa Selsiasi na lengo limeandikwa 850, sa hapo wangesubiri hadi pamba yote imelala chini. Tulirekebisha mapema. Ni kosa la kijinga na lipo kwenye mashamba mengi kuliko watu wanavyokubali.

Cha pili ramani za NDVI, yaani za kipimo cha ujani, kutoka setilaiti za Sentinel-2, kijani ni majani mengi na nyekundu ni machache, hizi ni bure, pikseli ya mita 10, na picha mpya kila siku 5 kama hakuna wingu. Cha tatu droni ya kupiga dawa na droni ndogo ya picha. Cha nne kituo kidogo cha hali ya hewa, kimefungwa juu ya paa la ofisi, na ofisi iko mlimani. Kiangalieni hicho pia.

Cha tano kisu cha Msimamizi.

Kilichotokea, siku kwa siku

Nahesabu kuanzia siku apu ilipogeuka kijani, hiyo iwe siku 0.

Siku 1 wakatoka kuhesabu. Kwenye simu kuna fomu, unachukua mimea 20 kwa kila bloku, unahesabu vitumba vilivyofunguka na ambavyo bado, inakupa asilimia. Kiwango kinachotumika sana ni 60. A ikatoa 52, B 64, C 61. Siku hiyohiyo picha ya setilaiti ikaingia. A imejaa kijani na ina kabari moja ya kijani kizito zaidi upande wa chini, B njano njano, C iko chini kuliko zote, inaelekea nyekundu. Meneja akaweka skrinishoti kwenye grupu na kuandika, "C ndo imeiva zaidi, tuanze na C."

Usiku Msimamizi akanitumia video. Ameshika kitumba cha kijani, anakikata katikati kwa kisu, kisu kinapita bila kukwama popote, ndani mbegu nyeupe na katikati yake ute unang'aa kwenye tochi. Anasema, "Mshauri, hiki nimekitoa C, kwenye miche ya kupandia. Angalia mwenyewe." Anakata kingine, vilevile. Cha tatu anakichukua kwenye mmea mkubwa wa jirani yake, hapo kisu kinakwama, anasukuma kwa nguvu, nyuzi zinavutika na kisu, mbegu ina ganda la kahawia na ndani unaona vijani vidogo vimekunjika. Hicho kimekomaa. Vitumba hivyo havikuwa mbali, ni kama hatua moja kutoka kimoja hadi kingine.

Mimi nikajibu kwamba miche ya kupandia haina mzigo wa maana, isitucheleweshe kundi zima, na kwenye mchanganyiko kuna ethephon itafungua vilivyobaki. Hilo jibu ninalo mpaka leo kwenye simu.

Siku 3 C ikapigwa kwa droni kwa sababu bondeni kulikuwa na tope na trekta lingezama. Thidiazuron, ambayo ndo ya kuangusha majani, na ethephon, lita 15 za maji kwa hekta. Siku 5 ilikuwa zamu ya B kwa bomba la trekta, lita 120 kwa hekta, ila utabiri mmoja ukaonyesha mvua jioni na mwingine ukasema hakuna. Tukasubiri. Haikunyesha, wala kesho yake. B ikapigwa siku 7.

Siku 9 Rubani akaenda kuangalia C. Majani ya juu yameanguka, ya katikati na ya chini bado yapo, ya kijani, kama hakuna kitu kimepita. Meneja akapata presha maana mashine inakuja siku 17. Siku 10, saa nane mchana, jua kali, wakarudia C kwa dawa ya kuunguza, ile inayoshambulia jani moja kwa moja, dozi ya juu kabisa ya lebo pamoja na mafuta ya kusaidia kushika. Mimi niliambiwa jioni yake.

A ilipigwa kwa mafungu, siku 11 nusu ya kwanza, siku 15 nusu ya pili, na ile kabari ya kijani siku 19.

Siku 16 picha mpya ya setilaiti. C nyekundu tupu, nzuri ya kupendeza. Meneja akaituma kwa wenye shamba: C iko tayari kuvunwa.

Siku 17 mashine ikaingia C asubuhi. Raundi ya tatu dereva akasimamisha, akashuka, akafungua kikapu, akachota mkono mzima wa pamba na kuwaonyesha bila kusema neno. Nusu ya kilichokuwa mkononi ni vipande vya majani makavu. Majani ya C hayakuanguka, yalikaukia kwenye mmea. Mashine ikahamishwa B.

B ikachukua siku 5, A ikafuata, C ikavunwa mwisho kabisa siku 28 baada ya upepo kuangusha sehemu ya majani makavu, na hapo chini ya mimea kulishaanza kutoka machipukizi ya kijani mepesi, ambayo nayo yaliacha madoa.

Maamuzi na kilichokuwa nyuma yake

Tarehe moja ya kuanzia kwa shamba zima. Apu inaruhusu kuweka bloku tofauti tofauti, ila kila bloku inataka mtu aende kuhesabu vifundo vitano vyake kila wiki kipindi cha maua, na hiyo kazi watu waliifanya B tu kwa sababu iko karibu na ofisi. Tarehe ya B ikabandikwa kwa wote. Kwa A ilikosea kwa siku chache. Kwa C haikuwa na tarehe sahihi hata moja, maana C ilihitaji tarehe mbili.

Kuanza na C. Sababu ya Meneja ilikuwa ramani na sababu yangu ilikuwa ile 61. Hakuna aliyefanya uzembe hapo, kila mtu alikuwa na namba yake ya kumtuliza.

Kupiga kwa mafungu. Mpango wa mwanzo ulikuwa kupiga hekta zote 140 ndani ya siku mbili tatu ili wamalize. Hapo niligoma na ndo uamuzi ninaouonea fahari kwenye kisa hiki. Mashine moja ikivuna hekta 10 hadi 12 kwa siku, hekta 140 ni kama siku 12 hadi 14, na hiyo ni bila mvua wala kuharibika. Bloku uliyoipukutisha leo unataka uwe umeivuna ndani ya wiki mbili hivi, ikizidi hapo unasubiri machipukizi na mvua. Kwa hiyo dawa inafuata uwezo wa mashine. Tukachora ratiba kurudi nyuma kutoka tarehe ya mashine, kila fungu na siku yake.

Kuiacha kabari ya A. Ramani ilionyesha kijani kizito, Msimamizi akaenda kukagua, akakuta njia ya maji ilikuwa inavuja pale muda mrefu, mimea mirefu, bado ina nguvu. Akahesabu vifundo kutoka kitumba cha juu kilichofunguka hadi kitumba cha juu kabisa ambacho wanategemea kukivuna, akapata 7. Tunataka 4 au chini. Kati ya kifundo na kifundo kuna tofauti ya kama siku 3 za umri, kwa hiyo vya juu vilibaki nyuma karibu siku 9. Rubani akachora mpaka kuzunguka kabari, ikatolewa kwenye fungu la siku 11, na ilipopigwa siku 19 ilikuwa imefika.

Kuahirisha B kwa mvua ambayo haikuja. Meneja aliniandikia "tumepoteza siku mbili bure." Mi naona hatukupoteza kitu. Thidiazuron inahitaji kama saa 24 bila mvua, ethephon saa 6 hivi. Utabiri ukigongana kiasi kile, na dawa yako inataka siku nzima, unasubiri. Ingekuwa ile dawa inayoshika ndani ya saa moja ningesema pigeni.

Matokeo

B na A zilitoka vizuri. Majani yalianguka, machipukizi kidogo sana, na maikronea (kipimo cha unene na ukomavu wa nyuzi) ya marobota yao ilikaa ndani ya 3.5 hadi 4.9, ambayo ndo safu isiyokatwa bei. Kabari ya A nayo ilivunwa ikiwa imejaa.

C iliumia mara tatu. Vitumba vya miche ya kupandia vingine vilifunguka nusu vikagoma hapo, vingine vilikauka vikawa vigumu kama jiwe mashine ikavipita. Marobota kadhaa ya C yalisoma chini ya 3.5, yaani nyuzi changa. Na takataka za majani zilishusha daraja la kilichobaki. Ongeza gharama ya dawa ya pili. Baada ya mavuno Msimamizi alikaa akahesabu kwenye mistari michache ambayo haikupigwa pembeni, akakuta karibu theluthi ya vitumba vya C vilikuwa kwenye miche ya kupandia. Ile miche niliyosema haina mzigo.

Uchambuzi

Nianze na ile 61, maana ndo iliyonikamata mimi. Kati ya mimea 20 ya C, 12 ilikuwa mikubwa yenye kama asilimia 85, na 8 ya kupandia yenye kama 25. Piga wastani unapata 61. Ila hakukuwa na mmea hata mmoja pale wenye 61, wala wa kuikaribia. Fomu ya apu inaonyesha wastani tu kwa herufi kubwa, hesabu ya mmea mmoja mmoja iko ukurasa wa pili na hakuna aliyeufungua, mimi nikiwemo. Laiti ningeuona ule mstari wa namba, 88, 81, 24, 90, 22, nisingehitaji video ya usiku. Ukiwa na shamba lenye mimea ya umri wa aina mbili, wastani hauna maana hata uhesabu mimea elfu.

Na kuhusu ethephon nilisema kitu ambacho najua sio sahihi. Ethephon inaharakisha kufunguka kwa kitumba kilichokomaa. Kitumba chenye ute ndani haiwezi kukikomaza, inakilazimisha tu. Nilikuwa nimechoka na nilitaka jibu la kumfurahisha Meneja, hakuna maelezo mengine.

Ramani. NDVI inalinganisha mwanga mwekundu na ule wa karibu na infraredi unaorudi kutoka kwenye majani. Inapima ujani na wingi wa majani, basi. Vitumba haivioni, viko chini ya majani na hata vikiwa wazi pikseli ya mita 10 inachanganya mimea, udongo na kivuli pamoja. C ilisoma chini kwa sababu ilikuwa na mapengo mengi na udongo ulikuwa unaonekana, yaani ilisoma chini tangu mwezi wa pili wa zao. Tulipokuja kurudisha ramani za nyuma tukaona C ilikuwa ya mwisho kwenye kila picha. Ilichokuwa inaonyesha ni uchache wa mimea, na sisi tukasoma kuiva. Kipimo ambacho kingetufaa ni kuangalia mabadiliko ya kila bloku ikilinganishwa na yenyewe, C imeshuka kiasi gani tangu kilele chake, na hapo kumbe ilikuwa imeshuka kidogo kuliko B.

Ila ramani hiyohiyo ndo ilituonyesha kabari ya A, ambayo kwa kutembea kawaida tungeikosa maana watu huhesabu mimea karibu na barabara. Tofauti ni kwamba kwenye A ramani ilitumika kumpeleka mtu na kisu mahali fulani, kwenye C ilitumika kumzuia asiende.

Picha ya siku 16 nayo ilitupiga kwa njia ileile. Jani lililoanguka na jani lililokaukia kwenye mmea, kwa setilaiti yote mawili hayana kijani, yote mawili nyekundu. Kwa mashine ya kuvunia ni vitu viwili tofauti kabisa. Droni ndogo ya picha ikishuka mita chache juu ya mimea inaonyesha majani yanayoning'inia vizuri tu, ilikuwa ofisini imechajiwa, hakuna aliyeirusha.

Sasa kwanini dawa ya kwanza haikufanya kazi C? Hapa palituchukua muda. Tulianza kulaumu dawa, tukalaumu maji, tukamlaumu Rubani. Kumbe mambo mawili yalikutana. La kwanza ni joto. Thidiazuron inapenda usiku wa joto, ukishuka chini ya nyuzi 18 hivi inaanza kuwa mvivu. Kituo cha paani kilisoma 19 na 20 siku zile tatu baada ya kupiga, tukaona salama. Msimu ulipoisha tukaweka kipima joto kidogo C, urefu wa mmea, tukalinganisha na cha paani usiku mtulivu usio na mawingu. Bondeni kulikuwa chini kwa nyuzi 3 hadi 4. Hewa baridi ni nzito, inateremka mlimani na kulala bondeni, kila mtu aliyewahi kupita pale alfajiri anajua, ila kituo kilifungwa pale penye umeme na intaneti. Kwa hiyo tulipopiga, C ilikuwa kwenye 15 hadi 17.

La pili ni maji. Lita 15 kwa hekta kwa droni inaweza kutosha kwenye pamba ambayo majani yake hayajafungana sana, lakini mimea mikubwa ya C ilikuwa na kichaka kizito katikati. Baadaye Rubani, na hapa nampongeza maana ilikuwa wazo lake, alibandika karatasi za kupima matone, zile za njano zinazogeuka bluu zikiguswa na maji, juu, katikati na chini ya mmea, akarusha maji matupu. Ya juu ilikuwa bluu karibu yote. Ya katikati ilikuwa na nukta nukta. Ya chini nilihesabu matone 6 kwenye karatasi nzima. Thidiazuron haisafiri sana ndani ya mmea, jani ambalo halijaguswa halijaambiwa kitu. Karatasi zile zingewekwa siku 2, kazi ya nusu saa, tungejua kabla.

Na kurudia kwa dawa ya kuunguza, mchana wa jua, dozi ya juu na mafuta, hilo lilikuwa hofu ya tarehe ya mashine. Dawa hiyo kwa dozi ya chini huwa inaangusha majani vizuri, kwa dozi ya juu kwenye joto inakausha. Wangenipigia kabla ya kujaza tenki ningesema teremsha dozi, piga jioni, au subiri siku nne uone, maana dawa ya kwanza kwenye baridi inachelewa tu, haijafa. Ila pia najiuliza kama siku ile ningekuwa na ujasiri huo, maana siku 1 sikuwa nao.

Kitu kingine ambacho hakipo kwenye data yoyote: Msimamizi aliona kila kitu siku 1 na aliongea na mimi pembeni usiku, hakuongea kwenye grupu. Kwenye grupu kulikuwa na ramani ya rangi, asilimia na tarehe, na yeye alikuwa na kisu na video ya tochi. Siwezi kumlaumu kwa kuona vya kwake havina uzito.

Vilivyobadilishwa

Vipima joto vidogo viwili vimehamia mashambani, kimoja C na kimoja A, cha paani kimebaki kwa ajili ya upepo na mvua. Kila bloku ina tarehe yake ya vifundo vitano, na ikitokea kupandia tena, miche ya kupandia inafungwa utepe na kuhesabiwa peke yake kama bloku ya nne. Fomu ya kuhesabu sasa haitumwi bila picha tatu za vitumba vilivyokatwa, vya juu kabisa vinavyotegemewa kuvunwa, kutoka mahali ambapo ramani imeonyesha tofauti. Na Rubani anaruka chini siku ya saba baada ya kila dawa, kabla ya mtu kuagiza dawa ya pili.

Jambo moja mimi na Meneja hatujakubaliana hadi sasa. Yeye anasema C ilitakiwa kupigwa pale mimea mikubwa ilipofika, tukubali kuipoteza ile ya kupandia. Mi nasema ilitakiwa isubiri iwe ya mwisho, ivunwe siku 28 kama ilivyokuja kuvunwa, ila ikiwa na majani chini na vitumba vimejaa. Theluthi ya vitumba upande wangu, hatari ya mvua kwa pamba iliyofunguka mapema upande wake. Msimu ule mvua haikuja tena baada ya siku 17, kwa hiyo ananiambia ni rahisi kwangu kusema.